Mpiga Picha Anakula Nini Wakati wa Theluji

Baba mdogo alikuwa na studio ya picha mjini Morogoro: chumba kimoja, pazia lililochorwa maporomoko ya maji na twiga wawili, kiti cha kuzunguka, kioo, na kichana kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Kiangazi watu walipanga foleni hadi barazani. Masika yalipoingia, kuanzia Machi hadi Mei, barabara ziligeuka tope, harusi zikapungua, na wasichana waliozoea kuja Jumapili na nguo zao za kanisani wakabaki majumbani. Miezi hiyo aliishi kwa picha za pasipoti, za fomu za shule, za vitambulisho vya kazi na za leseni. Mimi ndiye niliyekuwa nikizikata kwa mkasi, nne nne, na niliidharau kazi ile kwa moyo wangu wote, kwa sababu niliamini kwamba mpiga picha wa kweli ni wa harusi na hao wengine ni makarani wenye kamera. Dharau hiyo niliibeba pamoja na lenzi zangu hadi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, na ilinichukua majira matatu ya baridi kuitua.

Minneapolis iko karibu kabisa na mstari wa digrii 45 kaskazini mwa ikweta, yaani nusu ya safari ya kutoka ikweta kwenda ncha ya dunia. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza hapa kama saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi na kuzama kabla hata saa kumi na dakika arobaini hazijafika, na adhuhuri yenyewe halipandi zaidi ya digrii 22 hivi juu ya upeo wa macho, kana kwamba siku nzima ni alasiri iliyochelewa. Saa zetu za Kiswahili, ambazo huhesabiwa kwa kuchomoza na kuzama kwa jua, zinapoteza maana yake huku: unamwambia mtu mkutane saa kumi na moja jioni, naye akichungulia dirishani anaona usiku mtupu. Kwetu tuna kipupwe, na kwa kipupwe mtu huvaa sweta akalalamika. Hapa usiku wa kawaida wa Januari hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, na waliokuwepo asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019 bado wanasimulia jinsi kipimajoto kilivyoshuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri.

Kwa mpiga picha, maana yake ni kwamba kazi nyingi za mwaka hubanwa kati ya Mei na Oktoba. Septemba mtu anaweza kupiga harusi mbili kwa wiki na bado akakataa ya tatu. Januari simu hailii. Majira yangu ya kwanza ya baridi niliyapokea kama likizo, ya pili kama adhabu. Nilipunguza bei, nikabandika matangazo, nikapakia mamia ya picha kwenye maghala ya intaneti yanayouza picha kwa makampuni, na kwa miezi minne nikapata pesa isiyotosha kujaza tangi la gari. Sisemi kwamba hakuna anayefaidika na maghala hayo, ila anayefaidika ana maelfu ya picha humo na ameanza miaka mingi nyuma. Kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi, huo ni mti wa kupandia wajukuu.

Kabla ya fedha, lazima niseme jinsi baridi ilivyonifundisha kwa aibu. Februari ya kwanza niliitwa kwenye harusi ya familia ya Kikongo iliyotoka Bukavu. Nilisimama nje ya kanisa nikipiga picha za wapambe wakishuka kwenye magari, baridi ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha nikakimbilia ndani, ambako hita zilikuwa zikiunguruma na watu mia tatu wakipumua na kuimba. Ndani ya sekunde chache lenzi yangu ilifunikwa na ukungu, nikaufuta, ukarudi, nikaufuta tena, na nilipobadilisha lenzi nikawa nimeukaribisha ukungu hadi ndani ya kamera. Bibi harusi aliingia na kutembea njia yote mpaka madhabahuni huku mimi nikipangusa kioo kwa pindo la kanga niliyoazimwa na mama mmoja wa kwaya. Picha pekee za maandamano yale nilizipiga kwa simu. Baadaye nilijifunza kwamba kamera iliyotoka baridini hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuvuka mlango, ili unyevunyevu ujikusanye juu ya mfuko wala si juu ya kioo, na hukaa humo hadi ipate joto la chumba. Betri nazo hukaa mfuko wa ndani wa koti, karibu na kifua, kwa kuwa baridi huzipunguzia nguvu hata kama zilijazwa usiku kucha.

Jambo la tatu nililojifunza kuhusu theluji ndilo lililonirudisha studio ya baba mdogo. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, kitakuwa kijivu cha wastani, kile kinachoitwa kijivu cha asilimia 18, yaani kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ukikielekeza kwenye uwanja wa theluji, kinaona weupe mwingi mno, kinauogopa na kupunguza mwanga, nawe unarudi nyumbani na theluji yenye rangi ya majivu. Dawa yake ni kukikatalia na kuongeza mwanga kwa makusudi, hatua moja hadi mbili, kila hatua ikiwa ni mwanga maradufu. Nilikuwa nikilifanya hilo kila siku nje, bila kutambua kwamba kosa lile lile lilikuwa likiwatesa watu wangu ndani ya majengo, mbele ya ukuta mweupe.

Picha ya pasipoti ya Marekani ni ya inchi 2 kwa 2, na kichwa, kutoka kidevuni hadi utosini, kinatakiwa kiwe kati ya inchi 1 na inchi 1 na sehemu tatu za nane. Nyuma pawe peupe au pakaribie weupe, picha iwe imepigwa ndani ya miezi 6 iliyopita, na tangu Novemba 2016 miwani hairuhusiwi. Anayevaa hijabu kwa sababu ya dini hubaki nayo, mradi uso wote uonekane na aambatanishe maelezo yaliyotiwa saini. Watu wengi huenda kupiga picha hizo kwenye duka la dawa la jirani, ambako kijana wa kaunta humsimamisha mteja mbele ya pazia jeupe na kubofya kamera ndogo. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na mama wa Kisomali au wa Kikongo mwenye ngozi nyeusi iliyokolea anatoka akiwa kivuli chenye macho.

Mteja wangu wa kwanza wa aina hiyo alikuwa mama mmoja kutoka Kisii, anayeishi Brooklyn Park, mji wa pembeni mwa Minneapolis, ambako Wakenya ni wengi kiasi kwamba unaweza kuulizia unga wa ugali kwa Kiswahili dukani. Alikuwa na picha ambayo yeye mwenyewe alisema haifanani naye. Alinikuta ukumbini nikifungasha vifaa, akaniuliza, "Wewe mwanangu, hizi za pasipoti hupigi, ama ni ndogo kwako?" Nilitaka kujibu kwamba ndiyo, ni ndogo kwangu. Badala yake nilisimamisha taa mbili kuelekea usoni, ya tatu nikaielekeza kwenye kitambaa cheupe nyuma yake, nikapima mwanga wa shavu lake na kuusahau ukuta. Alipoiona picha alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ninaweza kwenda nyumbani kwake Jumamosi, kwa kuwa watoto wanne na mume wake nao walikuwa wanaomba pasipoti.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya majira haya. Fedha za kiangazi hutoka kwenye furaha za watu, na furaha huku hungoja jua. Fedha za majira ya baridi hutoka kwenye haja, na haja haitazami kipimajoto: mtoto amezaliwa, mtu ameapishwa uraia, bibi anaumwa nyumbani na tiketi lazima ikatwe, muuguzi ameanza kazi mpya na anatakiwa kuwa na picha ya kitambulisho. Watu hawa hawataki kuvaa mabuti, kumfungia mtoto mchanga tabaka tano za nguo na kuparua barafu kwenye kioo cha gari kwa ajili ya picha moja. Kwa hiyo mimi ndiye ninayekwenda kwao, nikiwa na mashine ndogo ya kuchapisha, kitambaa cheupe na taa tatu ndani ya begi moja. Mtoto mchanga simsimamishi: namlaza juu ya shuka jeupe sakafuni karibu na dirisha, mama akiwa magotini upande wa juu akimwita, nami nimesimama nimepanua miguu juu yake kama fundi wa dari. Familia ya watu sita kwa ziara moja inanilipa vizuri kuliko matangazo yote niliyowahi kubandika, na karibu kila nyumba ninayoingia, kabla ya chai kwisha, mtu mwingine hupigiwa simu aje.

Sioni aibu tena kusema kwamba ubora unaonitofautisha na kijana wa duka la dawa ni mmoja tu, kuujua mwanga wa ngozi nyeusi, na ubora huo una historia. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilizipatia maabara za picha za rangi kadi ya mfano yenye mwanamke mweupe, kadi ambayo mafundi walizoea kuiita Shirley, na mashine zilirekebishwa hadi ngozi yake itokee sawasawa. Ngozi nyingine zilijitafutia zenyewe. Nakumbuka baba mdogo akirudi kutoka kusafisha mikanda ya rangi, akizigeuza picha za maharusi dirishani na kuguna. Aliendelea kupenda picha za nyeusi na nyeupe, alizozisafisha mwenyewe katika chumba chake cha giza, muda mrefu baada ya wateja kuacha kuzitaka. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Kutoka kwenye pasipoti kazi nyingine zilifuata bila kutafutwa sana. Mwishoni mwa Januari, mamlaka ya kodi ya Marekani inapoanza kupokea ripoti za mwaka, kila mtayarishaji wa ripoti katika jamii yetu anataka uso wake kwenye tangazo, akiwa na tai na tabasamu la kuaminika, nao hawa huamua jambo hilo wiki moja kabla. Mwenye mgahawa, ambaye Julai hana hata dakika ya kukutazama, Februari ana meza tupu na muda wa kupika sahani kumi kwa ajili ya picha za orodha yake mpya ya vyakula. Wauza vitenge hali kadhalika. Kampuni kubwa nilizijaribu pia. Moja, ambayo sitaitaja, ilinikodi kupiga picha za tafrija yao ya Desemba na kunilipa Aprili, baada ya barua pepe kumi na moja. Tangu hapo napokea nusu kabla ya kufungua begi, na anayeona hilo ni utovu wa adabu namwacha aende.

Kuna kazi moja ninayoizungumzia kwa sauti ya chini, nayo ni misiba. Mtu wetu akifariki huku, mara nyingi mwili husafirishwa kwenda nyumbani, lakini kwanza hufanyika ibada ya kumuaga, na ndugu walioko Musoma, Nakuru au Uvira wanataka kuiona moja kwa moja. Wakati wa baridi tofauti yetu na Tanzania na Kenya ni saa tisa, kwa hiyo ibada ya adhuhuri hapa inawakuta Dar es Salaam saa tatu usiku, wamekaa sebuleni kuzunguka simu moja. Kamera mbili, kipaza sauti kilichounganishwa na mitambo ya kanisa, intaneti ya akiba endapo ya kanisa itakatika: ni kazi nzito kuliko harusi, kwa kuwa harusi ikikwama unaweza kumwomba bwana harusi arudie kukata keki.

Mwaka wa kwanza nilifanya misiba minne bila kutoza hata senti, kwa kuona kwamba kuchukua fedha penye jeneza ni ukosefu wa utu, na kwenye msiba wa nne gari langu liliishiwa mafuta njiani nikiwa narudi, usiku, upepo ukipiga. Mama mmoja mtu mzima, mweka hazina wa kamati ya michango, alisikia habari hiyo, akaniita kando. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema bila kuzunguka, "Mwanangu, mpishi tunamlipa, mwenye ukumbi tunamlipa, shirika la ndege halitusamehei hata kilo moja. Wewe unafikiri ukifunga biashara nani atawaonyesha wenzetu ibada ya kuaga?" Sasa nina bei moja ya msiba, nusu ya bei ya siku ya kawaida, inayojulikana na kamati zote na isiyojadiliwa mbele ya wafiwa. Sijamaliza kubishana na nafsi yangu juu ya jambo hili. Nimeacha tu kuishiwa mafuta.

Jioni ndefu zinabaki, na hizo nimezipa picha za zamani. Familia nyingi hapa zilifika zikiwa na picha chache ndani ya bahasha. Wengine walikaa miaka katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na kila picha waliyoiokoa imekunjwa, imelowa au imeliwa na mchwa pembeni. Nazinakili kwa nukta 600 kwa kila inchi, nasafisha madoa, narudisha rangi iliyofifia, lakini siwaongezei watu nyuso walizopoteza. Programu za kisasa zinaweza kubuni jicho lililokatika na kulifanya ling'ae. Baba mmoja aliniomba nifanye hivyo kwa picha ya mama yake, nikamwambia litakuwa jicho la mtu mwingine. Alifikiri, akakubali liachwe lilivyo.

Harusi za majira ya baridi nazo zipo, kwa sababu kumbi huwa nafuu kati ya Januari na Machi, na familia yenye wageni mia nne huijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Anayetaka kazi hizo na awaulize wenye kumbi kuliko wenye maduka ya magauni. Picha za nje nazipiga kwa dakika kumi tu, bibi harusi akiwa na koti mpaka sekunde ya mwisho, na zinazobaki nazihamishia ndani: kwenye madaraja ya vioo yanayounganisha majengo ya katikati ya mji, mtandao ulioanza mwaka 1962 na sasa una urefu wa takriban kilomita 15, au kwenye bustani ya vioo ya Como, katika mji jirani wa St. Paul, iliyofunguliwa mwaka 1915, ambako miti ya jamii ya mitende na migomba huota chini ya paa huku theluji ikirundikana nje. Upigaji wa kibiashara humo unahitaji kibali, na ni vizuri kukiomba mapema. Nimeona bibi harusi kutoka Kilwa akigusa jani la mgomba ule na kukataa kuondoka.

Na kuna arubuni, jambo lililonigharimu kuliko ukungu wa lenzi. Watu wengi huchumbiana kati ya Krismasi na siku ya wapendanao ya Februari, kwa hiyo mikataba ya harusi za Juni hadi Oktoba hutiwa saini katika baridi hii hii. Mimi hupokea asilimia 30 ya bei kama arubuni. Mwaka wa pili nilipokea arubuni saba, nikafurahi, nikalipia nyumba, hita na matairi ya theluji, nikawa nimekula mbegu. Juni ilipofika nilikuwa na harusi saba za kupiga kwa bei ambayo sehemu yake ilishakuwa moshi, bila fedha ya kumlipa msaidizi, na wawili kati ya maharusi hao waliahirisha na kudai chao. Sasa arubuni inakaa kwenye akaunti ya peke yake, na siigusi hadi siku ya tukio lenyewe. Ndiyo maana pasipoti, misiba na sahani za wali ni muhimu: zinailinda mbegu isiliwe. Hata serikali haikungoji, kwa kuwa kodi ya robo ya mwisho ya mwaka kwa mtu aliyejiajiri hulipwa Januari 15, katikati kabisa ya ukame. Naye asiyeandika maili anazoendesha kwenda kwa wateja anaipa kodi fedha yake ya bure, maana kwa mwaka 2025 kila maili ya kazi ilipunguza senti 70 kwenye mapato yanayotozwa.

Baba mdogo ameshafunga studio, lakini kila mwisho wa Machi hunipigia simu, na kila mwaka huniuliza ninapiga nini kwa sasa. Mwaka huu nilimwambia: pasipoti za familia moja, watu saba, Jumapili baada ya ibada. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama ninazikata nne nne. Nikamwambia kwamba huku ni mbili mbili. Nilisikia mvua ikigonga bati lake, akasema hanisikii vizuri, masika yameanza, nipige kesho.